Saa Sita za Maegesho

Karani wa rufaa wa kampuni ya maegesho alikutwa kifudifudi juu ya meza yake, Jumanne saa tano asubuhi. Mfanya usafi aliyemkuta alidhani amesinzia. Alimgusa bega mara mbili. Mara ya tatu akaona damu kwenye kola, akaweka ndoo chini taratibu, akashuka ngazi kumwita mlinzi.

Inspekta alifika baada ya dakika ishirini. Kituoni walimwita Kiguu na Njia, maana hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mahali pamoja mpaka chai ikapoa. Alizunguka meza, akachungulia dirishani, akarudi, akazunguka tena.

Marehemu alikuwa amepigwa kisogoni. Sakafuni palikuwa na kitoboa karatasi cha chuma, kile kizito cha maofisini, kimefutwa alama zote za vidole. Daktari wa polisi alikadiria kifo kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Fedha zilikuwepo, simu ilikuwepo. Rafu moja tu ilikuwa tupu, na vumbi lilionyesha kwamba faili nene limeondolewa si muda mrefu.

"Faili gani lilikaa hapa?" Inspekta alimuuliza mlinzi.

"La malalamiko, mkuu. Kampuni ina uwanja wa maegesho pale hospitalini. Ukizidisha muda unatumiwa barua ulipe. Usipolipa, wakusanya madeni wanakufuata mpaka mlangoni. Wanaopinga walikuwa wanamwandikia marehemu."

"Alikuwa akiwakubalia?"

"Miaka mitano niko hapa, sijamwona aliyekubaliwa."

Inspekta alirudi kuitazama rafu tupu. Mwaka jana kampuni hiyo hiyo ilimtoza yeye mwenyewe kwa saa ambazo hakukaa. Alilipa kimyakimya, askari mzima, na mpaka leo hajamwambia mkewe.

Koplo, msaidizi wake, mwanamke asiyepitwa na kitu, aliinua kwa kibano barua iliyokuwa chini ya mkono wa marehemu. Akaisoma kwa sauti ya chini. "Mkileta tena watu wenu kazini kwangu, mtajuta siku mama zenu walipowazaa."

"Imeandikwa na nani?"

"Kuna sahihi, namba ya simu na kazi yake. Mkunga."

Daftari la mlangoni lilikuwa na mgeni mmoja tu asubuhi hiyo. Mkunga, kuingia saa tatu na robo. Sehemu ya kutoka ilikuwa tupu.

"Mbona hukuandika saa aliyotoka?"

Mlinzi aliangalia viatu vyake. "Nilikwenda kunywa chai, mkuu."

Alasiri ile Mkunga alikuwa kwenye chumba cha mahojiano. Mwanamke wa makamo, mikono mipana, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu akakosa usingizi. Inspekta alisimama. Kiti kilikuwepo, ila alisimama.

"Barua hii ni yako?"

"Yangu."

"Ulimtishia."

"Walikuja wodini, baba. Nikiwa nazalisha. Yule mkusanya madeni wanayemwita Kupe alisimama koridoni akataja jina langu kwa sauti, kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Yule mzazi kitandani akaniuliza kama nitamwibia mkoba wake. Ungeandika nini?"

"Faini ilikuwa ya nini?"

"Siyo faini. Faini hutozwa na mahakama. Ile ni tozo ya watu binafsi, na Kupe hana amri ya kugusa hata kijiko changu. Nimesoma, maana miezi saba nimekosa la kusoma jingine." Alivuta pumzi. "Nilimpeleka mama mdogo kliniki asubuhi, nikamshusha, nikatoka kabla saa moja ya bure haijaisha. Mchana nikarudi kumchukua. Wao wakasema gari langu lilishinda pale saa nane mfululizo."

"Leo asubuhi ulikwenda kufanya nini?"

"Karani aliniita mwenyewe. Aliniambia, 'Umeshinda, mama. Barua yako nimeshaipiga muhuri.' Alikwenda kusimama uwanjani na saa yake mkononi, akaona. Kamera ya kutokea inatazama mashariki. Jua likiipiga kati ya saa mbili na saa nne, haioni gari linalotoka. Ukirudi, mtambo unajiambia hujawahi kuondoka."

"Barua hiyo iko wapi?"

"Alisema zitatoka zote kwa pamoja. Zilikuwa kwenye faili."

"Faili halipo."

Mkunga alifumba macho. "Basi nimekwisha," alisema.

Mkuu wa kituo aliona vivyo hivyo. "Tishio lipo, daftari lipo, muda unalingana," alimwambia Inspekta koridoni. "Kesho saa sita jalada liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Afunguliwe kesi ya mauaji."

"Afande, muuaji akibeba faili zima, kwa nini aache barua moja tu, na iwe ya kumtia hatiani yeye mwenyewe?"

"Hasira hazina hesabu. Saa sita."

Inspekta alikwenda na kurudi koridoni mpaka Koplo akaanza kuona kizunguzungu. Mama wa watu alikuwa nyuma ya mlango ule, na kesho angepandishwa kizimbani kwa sababu alikataa kulipa asichodaiwa. Jambo hilo lilimkereketa. Pengine lilimkereketa zaidi kwa kuwa yeye alilipa.

Walirudi kwenye jengo la kampuni. Inspekta akamuuliza mlinzi tena.

"Daftari lako, unaandika kila anayeingia?"

"Wageni tu, mkuu."

"Na wasio wageni?"

"Hao wa nini kuwaandika? Mfanya usafi, wahasibu, Kupe na vijana wake. Kupe ana ofisi chini, ana ufunguo wa ngazi za nyuma. Huyo si mgeni, ni jamaa wa nyumbani."

Kupe aliwapokea kwa tabasamu. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Ukutani alibandika karatasi iliyosema MASHINE HAISEMI UONGO, kwa ajili ya wadaiwa wabishi.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hospitalini kwa mama yangu. Amelazwa, mgongo." Akafungua droo, akatoa stakabadhi iliyokunjwa vizuri. "Niliingia uwanjani saa mbili na dakika tano. Nikatoka saa nane kamili. Saa sita kasoro kidogo, wao wanahesabu sita. Nimelipa."

"Umetunza stakabadhi."

"Mimi huwaambia wateja wangu kila siku, tunza karatasi."

Walipotoka nje, Inspekta alisimama ghafla kando ya meza ya muuza maji.

"Unamfahamu Kupe?"

Muuza maji alicheka. "Nani asiyemfahamu? Juzi kanigombeza robo saa nzima kwa sarafu moja ya chenji."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Mtu wa namna hiyo analipa saa sita bila hata kunung'unika?"

"Kama alikaa saa sita..."

"Na kama hakukaa, angepiga kelele mpaka tusikie kituoni. Isipokuwa saa hizo ziwe zinamfaa."

Kesho yake, saa mbili na dakika kumi, Inspekta aliingiza gari lake kwenye uwanja wa maegesho wa hospitali. Hapakuwa na geti wala mtu wa kukata tiketi, ni kamera mbili tu juu ya nguzo na mashine ya kulipia ukutani. Aliegesha, akazunguka gari lake kama anayelinunua, akangoja. Saa tatu kasoro dakika tano akatoka. Jua lilikuwa limeikabili barabara kamera ya kutokea. Alikwenda mpaka kituoni, akanywa nusu kikombe cha chai akiwa wima, akarudi uwanjani. Saa tatu na dakika arobaini aliingia chumba cha mitambo, alikokuwa Koplo na fundi wa kamera.

"Gari langu limekaa hapa muda gani?"

Fundi alitazama kioo. "Saa moja na nusu, mkuu. Tangu saa mbili na dakika kumi halijatoka."

"Nimetoka. Nimekwenda kunywa chai."

Fundi alitazama tena, akakuna shingo. "Mtambo ukiona gari linaingia wakati bado uko na kumbukumbu kwamba limo ndani, ule uingiaji wa pili unautupa. Unadhani ni makosa."

"Nionyeshe picha za Kupe za jana. Ya kuingia, na ya kutoka."

Picha zilikuja kwa pamoja. Gari lile lile, namba ile ile, uso ule ule nyuma ya kioo. Inspekta, pengine kwa mara ya kwanza mwezi ule, alitulia tuli.

"Koplo, unaona nini?"

"Akiingia, shati jeupe." Koplo alisogea karibu. "Akitoka, la bluu."

"Nenda kachukue hati ya upekuzi."

Saa tano kasoro robo Kupe alikuwa kwenye kiti alichokalia Mkunga. Tabasamu alikuja nalo.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia. "Utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini stakabadhi..."

"Stakabadhi ninayo. Jana asubuhi ulitoka uwanjani kabla ya saa nne?"

"Sikutoka. Mashine haisemi uongo."

"Leo imesema uongo juu yangu. Fundi ametia sahihi." Aliweka karatasi mezani. "Ulibadilishia wapi shati?"

"Shati gani?"

Inspekta aliweka picha mbili, kisha mfuko wa vielelezo. Ndani yake kulikuwa na shati jeupe, limekunjwa ovyo, mkono wa kulia una madoa ya kahawia.

"Limetoka kwenye gari lako, chini ya tairi la akiba. Maabara wanaanza nalo leo."

Kupe alitazama shati. Lile tabasamu lilikwenda kidogo kidogo. Nje, mtu alikuwa akiburuta kiti.

"Sikwenda kumuua," alisema mwishowe. "Alinipigia simu nikiwa wodini. Akasema anafuta tozo zote za asubuhi. Mia nne na kumi na mbili."

"Kwako zina nini? Si ni mali ya kampuni?"

"Nilizinunua. Kampuni iliniuzia madeni yale yote kwa mkupuo, kwa bei ya kutupa, niyakusanye mwenyewe. Nilikopa benki. Dhamana ni nyumba ya mama." Alijifuta uso. "Zikifutwa, mama anatoka hospitali hana pa kwenda."

"Ukapanda ngazi za nyuma."

"Nilimsubiri yule mkunga atoke. Nikaingia, nikamwomba siku saba tu. Saba, nijipange. Akasema hawezi, barua zimeshapigwa muhuri." Kupe alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Hayo maneno ni yangu. Kila siku mtu ananiomba siku saba, namjibu vivyo hivyo. Aligeuka kuchukua kalamu. Kile chuma kilikuwa mkononi mwangu, sijui nilikishika saa ngapi."

"Na barua ya Mkunga uliiacha makusudi."

"Ndiyo."

"Mwanamke anayezalisha wenzake. Ulitaka anyongwe badala yako?"

Kupe alizisukuma picha zile mbili mbali naye.

"Ulipofika mashine ya kulipia ikakwambia saa sita."

"Nilijua kabisa imekosea. Nikaona imeniokoa, nikalipa."

"Faili liko wapi?"

"Wodini. Kabati la mama, chini ya mashuka. Tafadhali msimwambie mbele ya watu."

Koplo alilileta saa sita kasoro dakika kumi. Barua mia nne na kumi na mbili, na nyingine za ziada, kila moja na muhuri wake. Karani alikuwa amepekua hata rekodi za waliokwisha kulipa bila kulalamika. Katikati ya rundo Inspekta alikutana na namba ya gari lake mwenyewe, na mstari mmoja uliosema kwamba kampuni inamwomba radhi. Aliusoma mara mbili. Akaamua jioni ile atamwonyesha mkewe, na acheke atakavyo.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, viatu mkononi. Inspekta alimfungulia mlango mwenyewe, akampa barua yake yenye muhuri. Kisha akaketi kando yake, jambo ambalo askari wa zamu walilisimulia wiki nzima.

"Uko huru, mama. Kupe amekiri."

Mkunga aliisoma barua mpaka mwisho. Hakufurahi kama Inspekta alivyotegemea.

"Alikuwa na umri gani yule karani?"

"Thelathini na mmoja."

"Jana alisimama kunipokea. Akaniambia nimeshinda, niende nyumbani nikalale." Aliikunja barua mara mbili, akaikunja tena. "Hata asante sikumpa, baba. Nilimwambia, 'Miezi saba, ndiyo mnaamka leo?' Nikafunga mlango."