Mwacheni Bosi Ajibu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kitinda alimkuta kaka yake akikunja mashati katika duka la mama yao aliyekuwa dobi. Walimwita Bosi, maana shati likikaa upande alilikunjua, hata kama limekunjwa na mama mwenyewe. Bosi alikuwa kijana mwenye ulemavu wa akili. Lakini tangu bibi yao afariki, hakukunja kitu. Alisimama mlangoni akitazama barabara, chakula hagusi. Mifupa ilianza kumtoka. Kitinda hakuelewa. Hata mama hakuelewa.

Wakampeleka kwa mshauri nasaha.

“Unazikabilije hisia zako?” mshauri aliuliza.

“Ndiyo,” Bosi akajibu.

“Zimekuathiri kwa kiwango gani?”

“Ndiyo.”

“Anamaanisha ana huzuni,” Kitinda akadakia.

“Na hana njaa,” mama akaongeza.

Mshauri alikuna kichwa. “Mama, tiba hii ni ya mazungumzo. Huyu hawezi.”

Hawezi! Neno hilohilo ndilo lililomtoa Bosi shuleni. Wanaolitamka hawalali nalo. Hulala nalo mwenye kutamkiwa.

“Hawezi, au wewe huulizi kama watu?” mama alifoka. “Hapa sitoki!”

Mshauri akavuta kiti karibu na Bosi. “Tuanze upya. Nyinyi wawili, msimjibie. Bosi, mlangoni unamngoja nani?”

Kimya. Mdomo ulimwasha Kitinda. Kimya tena.

“Bibi,” Bosi akasema. “Mama kasema kasafiri.”

Mama akashika kichwa. Siku ya mazishi walimpeleka Bosi kwa jirani, wakidhani wanamwepusha na maumivu.

“Mwanangu, nilikudanganya. Bibi amekufa. Harudi.”

“Kama paka wetu?”

“Kama paka wetu.”

Bosi alilia mpaka watu wa nje wakachungulia. Jioni alikula sahani mbili. Kitinda akazidi kuchanganyikiwa: aliyelia vile, mbona anakula?

Waliporudi wiki iliyofuata, alimuuliza mshauri.

“Kwa sababu sasa anajua analilia nini,” mshauri alimjibu. “Mlimficha ukweli, nami nikamfichia swali kwa maneno magumu. Mtu asipoelewa swali, libadilishe swali. Akichelewa kujibu, mngoje.”

“Umesikia, Kitinda?” mama alisema. “Punguza mdomo.”

Bosi akafungua mdomo. Walimngoja, naye hakuwa na haraka.

“Mama pia,” akasema.