Kitenge cha Jumatatu ya Pasaka

Suruali ya Mwalimu Alexander Rutashobya ilichanikia stendi ya Buzuruga, Jumapili saa moja na nusu asubuhi, mbele ya watu wasiopungua mia. Aliinama kuokota Biblia iliyomponyoka, ikasikika sauti ya kitambaa, basi. Misa ya pili ilikuwa inaanza saa mbili na yeye ndiye msomaji wa somo la kwanza. Alijiziba nyuma kwa Biblia hiyohiyo, akakimbilia kibaraza pekee kilichokuwa na cherehani.

Getruda Chenge hakuwa kazini siku hiyo. Alikuwa amefungua dakika kumi tu amalizie vifungo vya sare ya kwaya. Alikuwa amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa kiunoni, nywele amesuka twende kilioni, na mdomoni amebana pini mbili.

"Dada, habari za asubuhi. Nina shida."

"Nimeiona shida yako tangu ulipoinama. Vua."

"Hapa?"

"Unataka niishone ukiwa ndani yake?" Akamrushia kanga. "Jifunge hiyo, kaa kwenye benchi, tazama ukutani. Kazi yako nini?"

"Nafundisha fizikia."

"Na fizikia haijakwambia kwamba suruali ya kubana hivi haitaki mtu anayekula matoke?"

"Nani amekwambia mimi Mhaya?"

"Viatu vinang'aa, umechanika mpaka kiunoni, na shingo bado umeinyoosha. Nani mwingine?"

Alexander alicheka huku akitazama ukuta, na kicheko chake kilikuwa kizito, cha mtu asiyeona haya kuchekwa. Getruda alikipenda hapohapo, akajifanya anatafuta uzi.

"Nikulipe nini? Upesi, mimi ndiye msomaji wa Misa ya pili," alisema alipokwisha kuvaa.

"Kasome polepole. Wasomaji wa Misa ya pili mnakimbia kama mna basi la kuwahi."

Siku hiyo alisoma polepole mpaka Padri Nathaniel akatazama saa. Getruda, benchi la tatu, aliinamisha kichwa ili watu wadhani anasali.

Kufika Krismasi parokia nzima ilikuwa inajua. Getruda alimwita Mwalimu, naye Alexander akamwita Fundi wangu. Walipigiana simu asubuhi, mchana na jioni, ingawa toka shule hadi kibarazani ni mwendo wa robo saa. Getruda alimshonea shati la bluu la mikono mirefu, kola imekaa wima, na tundu la kifungo cha mwisho akalizungushia uzi mwekundu. Alifanya hivyo kwenye shati hilo tu.

"Na huu uzi?"

"Ukilivaa ukaenda kuzungumza na wanawake wengine, unakuwasha tumboni."

Alexander akalivaa kila Jumapili. Januari alikwenda kwao Muleba, akarudi na bahasha ya khaki kutoka kwa mama yake, Mama Kokugonza. Ndani yake mlikuwa na kitenge kipya cha rangi ya kahawa chenye ndege weupe.

"Amesema anakuja Jumatatu ya Pasaka kukuona," Alexander alisema. "Anataka akukute umekivaa. Kwa mama, huo ndio mwanzo wa mazungumzo. Akikukubali, anakwenda kwenu."

Getruda alikikunjua na kukikunja mara kumi. Hakukishona mara moja. Aliogopa mkasi usije ukakosea.

Mtu mwingine angetulia hapo, lakini Getruda hakuumbwa kutulia. Alexander akichelewa kupokea simu, tayari ameshaona ajali, mwanamke mwingine na uhamisho wa kwenda mkoa wa mbali, vyote kwa mpigo. Alijijua hivyo, na kujijua hakukumsaidia.

Kwaresima ilipofika, upepo wa ziwa ulikuwa umeng'oa mapaa ya kijiji kimoja nje ya Nansio, na parokia ikaamua kuwapelekea wenyeji chakula na nguo. Jumapili ya nne, padri alipolitangaza jambo hilo, Getruda hakuwepo. Alikuwa Magu kwa wazazi wake, kumzika shangazi. Aliporudi Alhamisi alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa parokia, ambako akina mama wa WAWATA walikuwa wakichambua nguo, hata kabla hajamjulisha Alexander kwamba amerudi. Alitaka amshtukize jioni.

Alivuta gunia la pili, akatia mkono, akatoa shati la bluu.

Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, limekunjwa kwa adabu. Alitafuta kifungo cha mwisho. Uzi mwekundu ulikuwepo.

"Hilo kalileta Mwalimu Alexander mwenyewe jana," alisema Bernadeta, mwenyekiti wa akina mama, bila kuinua kichwa. "Anacheka huyo, utadhani amepata cheo."

Anacheka. Getruda alilirudisha shati kwenye gunia lilelile. Simu ikalia, akatoka nje kuipokea.

"Fundi wangu, nimesikia umerudi. Huniambii?"

"Nimechoka. Eti, Pasaka utavaa nini?"

"Nitavaa lolote."

"Na lile shati la bluu?"

"Lipo, mpenzi. Lipo mahali pazuri."

"Kabatini?"

"Getu, usiniulize sana. Nimekwambia lipo mahali pazuri."

Kama angemkaripia ingekuwa nafuu. Getruda alikata simu, akaifungia namba yake isiingie tena, akaenda nyumbani karibu kukimbia. Alirudi na bahasha ya khaki chini ya kwapa. Akina mama walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alikitia kitenge katikati ya gunia, akachukua sindano nene ya kushonea magunia, akaushona mdomo wa gunia kwa kukaza. Alipomaliza alisikia nafuu, na nafuu hiyo haikudumu hata kufika getini.

Siku nane zilizofuata hakulala vizuri wala kula vizuri. Alishona mkono wa kushoto wa gauni la mtu upande wa kulia. Mara mbili Alexander alikuja kibarazani, mara mbili Getruda akajificha kwa jirani muuza viatu. Alimkasirikia kwa kuja, na alipoondoka akamkasirikia kwa kuondoka.

Ijumaa walivuka kwa kivuko na magunia yao, wakalala Nansio, na Jumamosi asubuhi wakaanza kugawa kwenye kigango, kanisa dogo la kile kijiji. Alexander alikuwa amebaki Mwanza kusahihisha mitihani. Getruda alikuwa ameweka cherehani ya mkono mezani ili kupunguza nguo zinazopwaya, maana ndiyo kazi aliyoombwa.

Mtu wa tano kumjia alikuwa Mzee Ndalahwa, mwembamba, kofia mkononi, amevaa shati la bluu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipunguzie mabega. Na uniambie, mwenye shati hili amekufa lini?"

"Hajafa, baba. Kwa nini?"

"Shati zuri hivi mtu hulitoa akiwa hai?"

Bernadeta aliyekuwa jirani akacheka. "Mzee, hilo ni agizo la padri wetu. Alisema Kwaresima hii tusilete matambara. Kila mtu atoe nguo anayoipenda kuliko zote, na asimwambie mtu, hata wa nyumbani kwake. Wengine wameleta matambara vilevile, nimeyatumia kudekia ukumbi." Akamgeukia Getruda. "Ahaa, wewe hukuwepo. Ulikuwa msibani."

Getruda aliinama juu ya bega la mzee. Pini ilimchoma kidole, akaiacha imchome. Nguo anayoipenda kuliko zote. Lipo mahali pazuri. Mwanaume wa watu alikuwa ameshika neno la padri kama mtoto wa komunyo ya kwanza, na yeye akamfungia simu siku tisa.

Halafu akakumbuka gunia.

Aliinuka akalitafuta. Lilikuwa tupu. Kitenge alikikuta chini ya ukuta wa kigango, mgongoni mwa msichana aitwaye Queen, kimefunga mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi. Ndege weupe walikuwa wamepanda hadi begani mwa mama yake. Getruda alikuwa na gauni jingine kwenye mkoba, zuri pia. Angeweza kusema, mdogo wangu, tubadilishane. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Dada, wewe ndiye fundi?" Queen aliuliza. "Naomba unipindie hiki pindo kisifumuke. Maisha yangu yote sijawahi kuvaa kitu ambacho hakijavaliwa na mtu. Hiki bado kinanukia duka."

"Lete," alisema Getruda. Akapinda pindo pande zote mbili, taratibu, na akamsaidia kumfunga mtoto upya.

Kwenye kivuko cha kurudi alifungua namba na kupiga. Ililia mara moja tu.

"Getu."

"Mwalimu, nimeliona shati lako. Limempata mzee mzuri, nimempunguzia mabega."

Alexander alivuta pumzi. "Sasa umejua. Nilikuwa sina ruhusa ya kukwambia."

"Nilidhani umenitupa mimi."

"Mimi? Shati hilo lilininyima furaha siku tatu. Nilitafuta kabati zima kama kuna kingine ninachokipenda hivyo, nikakosa. Nilicheka kumbe nataka kulia."

"Njoo bandarini. Kuna jambo siwezi kulisema kwenye simu."

Alikuja amevaa fulana iliyofifia. Getruda alimweleza palepale, watu wakiwapita na vikapu vya samaki, bila kupunguza kitu. Tabasamu la Alexander likaondoka polepole.

"Ulikitoa ukijua ni cha mama?"

"Nilikitoa kwa sababu ni cha mama."

Alitembea hatua kadhaa hadi ukingoni, akasimama akitazama maji. Getruda hakumfuata.

"Shati nimeshasahau," alisema aliporudi. "Siku tisa za simu nitazisahau. Lakini kitenge kilikuwa chake, na kusamehe ni juu yake. Akikataa, Getu, mimi ni mtoto wake wa pekee. Sijui nitafanya nini."

Alimwitia bodaboda, akamshikia mkoba mpaka alipopanda. Wiki Kuu nzima walisalimiana kama majirani.

Jumatano Getruda aliona kitenge sokoni Makoroboi, kimetundikwa mlangoni mwa duka: rangi ya kahawa, ndege weupe, kama kile kile. Alikinunua kabla akili haijapata nafasi ya kusema.

"Shona uvae," Bernadeta alimwambia. "Mama wa watu anatoka Muleba, atajua nini? Unataka kupoteza mwanaume kwa ajili ya kitambaa?"

Alhamisi alikitandaza mezani, akashika mkasi, akaurudisha. Ijumaa Kuu hakugusa. Jumamosi akaushika tena mpaka vidole vikamuuma. Hatimaye akakikunja, akakisukumia kwenye droo ya cherehani.

Jumatatu ya Pasaka, saa nne, bajaji ilisimama mbele ya kibaraza. Alexander alishuka, akampa mkono mama yake. Mama Kokugonza alikuwa mrefu, gauni lake la zambarau limechakaa viwiko lakini limepigwa pasi mpaka linakata, kitambaa begani. Aliketi kwenye benchi lilelile alilokaa mwanawe na kanga. Getruda, ndani ya gauni lake la njano, alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama nikuone." Alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Nilikuletea kitenge."

"Ndiyo, mama."

"Hukukipenda?"

Alexander alitazama viatu vyake. Kondakta mmoja alikuwa akiita Magu, Magu, Musoma. Droo ya cherehani ilikuwa inagusa goti la Getruda.

"Nilikipenda kuliko nguo zote nilizonazo, mama. Ila mwanao nilimdhania vibaya, nikakitupa kwenye gunia la msaada ili kimuume. Hakikwenda kwa moyo mwema, kilikwenda kwa hasira. Sasa msichana wa Nansio amekifanya mbeleko ya mtoto wake, na nilimwona nikashindwa kukidai."

Mama Kokugonza alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mtoto wake wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Amefungwa vizuri?"

"Vizuri, mama. Nilimpindia pindo mwenyewe."

"Na humo kwenye droo kuna nini? Unaiangalia tangu nikae."

Getruda aliifungua, akamwekea kitenge mapajani. "Nilinunua kinachofanana nikudanganye nacho. Nimeshindwa kukikata."

Mama alipitisha kiganja juu ya ndege. Alipoanza kusema alikuwa akiongea na kitambaa.

"Baba yake huyu alinikasirisha mwaka wa kwanza wa ndoa, nikatupa viatu vyake vya harusi kwenye shimo la choo. Alipouliza nikasema vimeibwa. Alimshuku mdogo wake miaka yote hiyo. Amekufa anamshuku." Akainyoosha mikunjo ya kitenge. "Hakuna aliyenilazimisha kusema, na sikusema. Wewe umesema na bado hata chai hujanipa."

"Mama," Alexander alianza.

"Nyamaza. Binti, chukua futi unipime, hiki unishonee mimi. Siwezi kuingia kwenu Magu na viwiko hivi."

Getruda alichukua futi. Mabega alilazimika kuyapima mara tatu, maana namba zilikuwa zinayeyuka machoni. Alexander alisogea, akamshikia ncha ya futi, na vidole vyake havikuondoka haraka.

"Na mimi, Fundi wangu, huko Magu nitavaa nini?"

"Lolote," alisema Getruda, akafuta macho kwa kiwiko. Kisha akafungua kopo la nyuzi, akaanza kutafuta nyekundu.