Kofia ya Sufu ya Bwana Shamba

Baridi ya Juni ilikuwa imelishika soko la Mwanjelwa tangu alfajiri, na wauza viazi walikuwa wakipuliza vidole kati ya mteja na mteja. Tusekile alikaa juu ya gunia la shangazi yake, kitenge cha kijani kimekazwa kiunoni, sweta jeusi limempanda hadi kidevuni, karatasi na penseli magotini. Mbele yake, kwenye meza ya mama mfuma kofia, kijana mrefu aliyevaa suruali ya bugaluu ya kahawia na shati la mikono mifupi alikuwa akijaribu kofia ya sufu. Aliivuta ikameza masikio. Upepo ulimpiga usoni, akafinya macho.

"Dada," alisema bila kugeuka, "unanicheka au unanichora?"

"Vyote viwili."

"Hata mbuzi wa maonyesho mwenyewe huombwa ruhusa."

"Mbuzi hatikisiki namna hiyo. Tulia, namalizia pua."

Alitulia. Baadaye akaja kuitazama picha, akacheka. Jina lake Budeba, mtoto wa wafugaji wa Usangu, bwana shamba wa Ipogolo kule Iringa. Alikuwa amekuja Uyole kwenye mafunzo bila hata koti.

"Kwani Iringa hakuna baridi?" Tusekile aliuliza.

"Iringa kuna baridi. Hapa kuna adhabu. Na wewe kazi yako ni kuchora watu wanaoteseka?"

"Nachorea kiwanda cha uchapaji cha Dar es Salaam."

"Kumbe unakaa Dar."

"Nakaa Uyole. Picha ndizo zinazokaa Dar."

Ilikuwa kweli, ingawa majirani hawakuielewa. Msichana aliyemaliza shule, anashinda mezani nyumbani kwa baba yake, halafu anasema yuko kazini. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza mchezo wa kete wa watoto, ubao wa karatasi ngumu wenye njia ya kwenda kijijini, kila chumba na picha yake. Ukimkuta mkulima hodari, unasonga mbele. Ukimkuta mlevi, unarudi mwanzo. Dar walitaka vichwa karatasi yake na viwiliwili karatasi yake, ili mwili mmoja ubandikwe vichwa vingi. Tusekile alivifunga, akavikabidhi kwenye basi. Hakuwahi kuiona ofisi yao, nao hawakuwahi kuiona Uyole.

Mafunzo yalipokwisha, Budeba alipita kwa baba yake Tusekile kuaga, akarudi Iringa na kofia yake. Kila Jumamosi wakawa wanapigiana simu, yeye Posta ya Iringa, Tusekile Posta ya Mbeya.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe bado unalala na kofia?"

"Nalala nayo, naota nayo. Umemchora nani wiki hii?"

"Mkulima hodari. Nimempa kichwa chako."

"Basi watoto wa nchi nzima watasonga mbele kwa sura yangu."

"Usivimbe kichwa, kofia itapasuka."

"Muda unakwisha," opereta alisema, naye sauti yake ilikuwa na kicheko.

Januari, wakati wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Budeba alimwambia kuwa mkulima mmoja amemkaribisha kikombe, naye amekunywa asimvunjie heshima. Tusekile aliwaza nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Eliezeri, alikuwa mzee wa kanisa pale Uyole, na mlevi hakuvuka kizingiti chake. Baada ya Pasaka, baba mdogo wa Budeba, Nkuba, alitarajiwa kuja kuleta posa.

"Kikombe kimoja," Budeba alisema.

"Nimesikia," alisema Tusekile, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Ndiyo maana mchezo ulipofika madukani mwezi wa tatu, mambo yaliharibika. Jumamosi ile Budeba hakusema fundi wangu.

"Hongera kwa kazi," alisema. "Jana nilikuwa nawafundisha wakulima kupanda kwa mistari. Mzee mmoja akaniambia, bwana shamba, umelewa, rudi mwanzo. Mkutano mzima ukaanguka kwa kicheko. Sikuelewa mpaka waliponiletea ule mchezo."

"Sikuelewi, Budeba."

"Mlevi ana kichwa changu, Tusekile. Na kofia yangu. Kama kikombe kile kilikuudhi, ungeniambia. Nitamwambia baba mdogo asisafiri."

Simu ikakatika.

Tusekile alikwenda kwenye duka la vitabu, akanunua mchezo ule, akaukunjua papo hapo kwenye kaunta. Mwili wa mlevi aliuchora yeye, umeshika kibuyu, magoti yamelegea. Juu yake palikuwa na macho yale yaliyofinywa na upepo wa Mwanjelwa. Mkulima hodari alibandikwa kichwa kisicho na kofia, kinachocheka, kile alichokusudia kiwe cha mlevi. Nyumbani, baba yake aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Huyu si yule wa Iringa?"

"Ni yeye, baba. Wamekosea."

"Mlevi haingii humu," mzee alisema, akaukunja ubao na kuuweka nje, juu ya kuni.

Jumatatu Tusekile alipiga simu Dar. Mbandikaji wa picha, Liberatus, alishangaa kwelikweli.

"Dada, mtu amevaa kofia ya sufu mchana kweupe, imeziba masikio, na macho hayafunguki. Hapa mtu wa hivyo tunamjua. Tukasema huyo ndiye mlevi wako."

"Hiyo ni baridi, kaka."

"Baridi?" Liberatus aliuliza, kama mtu aliyetajiwa mnyama asiyemjua.

Kesho yake Tusekile alipanda basi la Iringa. Alimkuta Budeba Ipogolo, kando ya shamba la mahindi, kichwa wazi, masikio yakipigwa na upepo. Alikuwa ameacha kuivaa kofia.

"Umekuja kuchora?" aliuliza.

"Nimekuja kukosana na wewe uso kwa uso." Alimweleza yote, neno kwa neno, hadi mshangao wa Liberatus. "Sikuandika kichwa kipi ni cha nani. Nilidhani kila mtu anaijua baridi. Hilo ni kosa langu. Lakini kama kikombe kile kingeniuma, ningekuambia kwa mdomo huu, siyo kwa mkono."

Budeba aliangalia mahindi. Mabega yalianza kumtikisika, akacheka hadi akajishika kiuno.

"Nikivaa kofia Dar nimelewa?"

"Chakari."

"Na baba?"

"Amekuweka juu ya kuni. Hajakuwasha."

Walitembea pamoja hadi barabarani. Basi la kurudi Mbeya lilipopiga honi, Budeba alitoa kofia mfukoni na kumvalisha Tusekile, akaishusha hadi masikioni taratibu.

"Ipeleke kwa baba. Mwambie mwenyewe anaifuata baada ya Pasaka, pamoja na baba yake mdogo, wote wawili bila hata tone la pombe."

"Akiniuliza ya nini?"

"Mwambie binti yake amenichora mara nyingi kwa vipande. Sasa nataka aniunganishe."

Tusekile alipanda. Dirishani alimfinyia macho kama mtu anayepigwa na upepo, na kondakta akaitazama kofia ile, akayatazama macho yale, akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," Tusekile alisema. "Naolewa."