Fundi Alipopokea Simu ya Saluni

— Kwa hiyo umelala tena kwenye kochi?

Fundi friji alijifanya hajasikia. Alikuwa amepiga goti nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, bisibisi mdomoni, kama vile nchi nzima inamsubiri yeye.

— Mume wangu, nasema na wewe.

— Mgongo, mke wangu. Lile godoro limebonyea.

Mkewe, msusi mwenye saluni, akaguna. Godoro lenyewe lilikuwa jipya! Tangu atoke hospitali mwaka uliopita, huyu mwanaume alimpikia, akamfulia, akamtengea maji ya kuoga. Ila kumgusa, hakumgusa tena.

Mimba yao ya kwanza ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija. Mrija ukapasuka, damu ikavujia tumboni, madaktari wakautoa, mama wa watu akaponea chupuchupu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwahi kusikia kama kitu hicho kipo. Maumivu alikuwa nayo siku kadhaa, akadhani ni tumbo tu.

Ndiyo maana Jumapili hii aliamua kusuka kwa ajili ya wengine. Mapato yote ya siku yangeingia kwenye mfuko wa kulipia gari la kumkimbiza hospitali mwanamke asiye na uwezo. Mlangoni alibandika bango lenye dalili zote za mimba ya nje ya kizazi na namba ya simu ya saluni.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa wifi yake:

"Wifi, ya tumboni kwako ndiyo ya kubandika mlangoni? Mwonee huruma kaka yangu. Watu watamwonaje?"

Akamwonyesha mumewe. Fundi akasoma, akamrudishia simu, akarudi kwenye bisibisi yake.

"Basi ni kweli," msusi akajisemea. "Ananionea aibu."

Kufika mchana saluni ilikuwa imefurika, msusi anasuka huku akiwaeleza wateja zile dalili.

— Mimi nilifuata kusuka, naona natoka na shahada ya udaktari, mteja mmoja akatania, wote wakacheka.

Simu ya saluni ikaita. Msusi alikuwa anaosha nywele za mteja huyo, mikono yote povu.

— Fundi, pokea!

Akapokea, akasikiliza. Ghafla akasimama, akaenda nyuma ya pazia. Pazia ni kitambaa tu, kila neno lilisikika.

— Tumbo linamuuma upande mmoja? Na bega? Kizunguzungu je? Siku zake zimepitiliza? ... Hapana, kaka, usimwache alale kwanza! Mpeleke hospitali sasa hivi. Ukifika tu, waambie huenda ana mimba na imetunga nje. Gari tunalituma sisi, nitajie ulipo.

Akamwita dereva wa gari walilokodi, aliyekuwa anasubiri nje, akamwelekeza, akarudi kwenye simu. Sauti sasa ilikuwa imeshuka.

— Nipo, kaka. Najua unavyotetemeka. Mimi wangu nilimkuta sakafuni, midomo imekuwa myeupe. Nikamwita, haitiki. Mtoto niliyempoteza namlilia, lakini yule... yule ningemkosa, ningebaki na nini mimi? Mpaka leo naogopa hata kumkumbatia. Naona nikimpa mimba nyingine, nitamuua kwa mikono yangu.

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika tu. Yule mteja mtani akajifunga taulo mwenyewe.

— Nenda, shoga, akanong'ona. Nywele zangu hazina haraka.

Msusi akafunua pazia. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

— Mwaka mzima, Fundi! Mimi nikadhani hunitaki. Nikadhani unaniona nusu mwanamke.

— Wewe? Nusu? Wewe ndiye nyumba yangu yote.

— Sasa kwa nini hukuniambia?

— Ulikuwa unauguza kidonda. Ningekutwika na woga wangu?

— Ungenitwika! Ningeubeba huku nakutukana, lakini ningeubeba.

Fundi akacheka, machozi yakamtoka papo hapo. Akanyoosha mkono, akausitisha hewani. Msusi akaumalizia safari yake, akauweka shavuni mwake, povu na yote.

— Mrija mmoja ninao, akasema taratibu. Daktari aliniambia naweza kushika tena, ila niwahi kupimwa mapema. Wewe ulikuwa mlangoni unatazama viatu vyako.

— Kesho twende wote. Nitauliza mpaka anifukuze.

Jioni, wakifagia nywele, simu ikalia. Ujumbe:

"Kaka, wamemfanyia upasuaji. Walisema tungechelewa kidogo tu wangemkosa. Amefumbua macho, ameniuliza kama nimekula. Mungu awalipe."

Fundi akausoma mara mbili. Kisha akampigia dada yake.

— Dada, ule ujumbe uliomtumia mke wangu, mwombe radhi. ... Aibu gani? Leo kuna mwenzangu amebaki na mke. Na kwenye bango naongeza namba yangu, wanaume wanipigie mimi.

Msusi akaangusha ufagio, akamkumbatia kwa nguvu. Fundi, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, hakujitoa.