Taa za Ngazi ya Bibi

Nyumba yetu iko mlimani juu ya mji wa Lushoto, upande wa kwenda Kifungilo. Kwetu hakuna kiwanja cha tambarare. Mpira ukikuponyoka, utaukuta kwa jirani wa bondeni. Nyumba iko juu, jiko liko katikati, na banda la ng'ombe liko chini kabisa. Kutoka mlango wa nyuma mpaka bandani kuna ngazi ya udongo yenye vidato kumi na vinne. Baba aliichimba mwenyewe, akapanga mawe kwenye kingo zake.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, Bibi aliishuka ngazi hiyo kwenda kumkamua Tunu, ng'ombe wetu. Mkono mmoja alishika ndoo, mkono wa pili tochi. Sisi wengine tulikuwa bado tumejifunika mablanketi mawili mawili, maana baridi ya kwetu haina adabu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilipoamka nilikuta chai ya maziwa iko mezani, nikanywa, nikaenda shule, na sikuwahi kujiuliza maziwa yale yamefikaje.

Mwezi wa Juni, Bibi aliteleza akakaa kitako. Hakuumia, lakini habari zilimfikia Shangazi Paskalina, dada yake Baba anayeishi Korogwe. Jioni hiyo hiyo akapiga simu.

"Kristian, Mama akianguka tena nakuja kumchukua. Mtu wa miaka sabini na minne hashuki mlima gizani na ndoo."

Bibi alisikia, akacheka kwa hasira. "Korogwe? Nikakae kwenye kiti na joto lile, niangalie televisheni kutwa? Nitakufa kwa uvivu. Siku nikishindwa kumkamua Tunu, ndipo mnichukue."

Baba alikaa akawaza, kisha akatoa shauri. Angevuta taa za kamba, yaani balbu ndogo zinazofuatana kwenye waya mmoja, kutoka mlango wa nyuma hadi bandani. Zingewaka usiku kucha ili Bibi aone kila kidato. Jumamosi iliyofuata lori la karoti lilikuwa linakuja shambani, Baba na Mama wasingeweza kutoka, kwa hiyo nikatumwa mimi.

"Nenda dukani kwa Mzee Twaha," Baba aliniambia. "Mwambie nataka taa za njia. Ziwe za nje, zisizoingia maji, na zinazowaka zikatulia. Chukua za njano. Nyeupe ukungu unazirudisha machoni. Umesikia, Evelina?"

"Nimesikia, Baba."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo.

Niliteremka mjini na rafiki yangu Beatha. Duka la Mzee Twaha limejaa nyaya, swichi na balbu mpaka darini, na yeye mwenyewe huketi katikati ya vitu vyake akiwa na miwani puani.

"Shikamoo, Mzee Twaha."

"Marahaba, binti Kristian. Baba hajambo?"

Nikamweleza kwamba tunataka taa za kamba za kummulikia Bibi njia ya bandani. Akateremsha boksi, akachomeka waya kwenye umeme. Balbu za duara zikawaka njano, kila moja ikiwa imevishwa mpira shingoni. Zilitulia tu, kama kuku anayeatamia.

"Hizi mvua ikinyesha hazijali," alisema.

Lakini Beatha alikuwa ameona nyingine kwenye rafu ya pembeni. "Eveli, zile! Tazama zile!"

Mzee Twaha akaziwasha nazo. Nyekundu, kijani na buluu zikaanza kukimbizana kwenye waya, zikizimika na kuwaka, zikizimika na kuwaka. Moyo wangu ulizifuata.

"Kwenu kutakuwa kama hotelini," Beatha alininong'oneza.

Mzee Twaha alitusikia. "Hizo ni za mapambo, wanangu. Mvua zinaivumilia, lakini si za njia. Zinaweza kutulia ukibonyeza hiki kidude mara saba. Ila ukizizima ukaziwasha tena, au umeme ukikatika ukarudi, zinaanza upya kumetameta. Mtu mzima hawekewi taa ya kukonyezakonyeza njiani. Baba alisemaje?"

Bei yake ilikuwa ile ile, kwa hiyo siwezi kusingizia pesa. Nikasema, "Alisema nichague nitakazoona zinafaa."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya. Ila mweleze nilivyokueleza kuhusu umeme kukatika."

"Nitamweleza."

Sikumweleza. Nilipofika nyumbani nilimwambia Baba kwamba za njano zimekwisha, na hizi ndizo zilizobaki. Alikunja uso alipoona zinavyokimbizana. Nikawahi kubonyeza kile kidude mara saba, zikatulia zote, za rangi rangi lakini zimetulia.

"Aa, kumbe zinatulia," Baba akasema. "Basi si vibaya. Zitatufaa mpaka za njano zije."

Akazifunga kwenye nguzo pembeni mwa ngazi, akaacha kidude karibu na dirisha la sebuleni. Bibi alishuka na kupanda mara mbili kuzijaribu. Akasema sasa anaona kila jiwe, hahitaji tochi tena. Nilitaka kusema habari ya umeme. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho yangu haikufika.

Tangu siku hiyo nikawa mwasha taa wa nyumbani. Kila jioni niliziwasha mapema, nikaziacha zicheze kidogo ili watoto wa jirani waje kushangaa, kisha nikabonyeza mara saba. Baba alinisifu mbele ya Mama: "Evelina amejitwika kazi ya taa bila kusukumwa na mtu." Sifa ile niliipokea na tabasamu. Hakujua kwamba nilikuwa nalinda uongo wangu usionekane.

Wiki ya tatu, usiku mmoja, upepo mkali ulivuma na umeme ukakatika. Nililala. Nilipozinduka ilikuwa bado giza, na ukuta wa chumba changu ulikuwa mwekundu, mara wa kijani, mara mweusi kabisa. Umeme ulikuwa umerudi, na taa zilikuwa zikimetameta.

Nilijua mara moja maana yake. Kutoka kitandani mpaka dirisha la sebuleni ni hatua kumi tu. Nilimsikia Bibi akikohoa, nikasikia mabuti yake ya mpira yakielekea mlango wa nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kuamka. Nilikuwa na nafasi hata ya kumwita. Lakini blanketi lilikuwa na joto, na sakafu ilikuwa ya baridi, nikajiambia kwamba ngazi ile Bibi anaijua kuliko kiganja chake. Nikafumba macho.

Kisha nikasikia ndoo. Iligonga kidato kimoja, kikafuata kingine, ikabiringika mpaka bandani. Tunu akalia.

Niliruka kitandani. Hapa ndipo panaponiwia vigumu kusimulia, lakini nimeamua kusimulia yote. Sikukimbilia mlango wa nyuma. Nilikimbilia dirishani, nikaanza kubonyeza nikihesabu: moja, mbili, tatu. Bibi alikuwa chini gizani akimwita Baba, na mimi nilikuwa nahesabu. Baba alipotoka mbio na tochi, taa zote zilikuwa zimetulia.

Bibi alivunjika mkono wa kulia, karibu na kiganja. Hospitalini walimfunga plasta ngumu kutoka kwenye vidole hadi kiwiko. Alipokuwa amekaa kitandani, uso umemnywea, alimwambia Baba, "Sijui ni nini, mwanangu. Niliona taa kama zinacheza, kidato kikaja, kikaondoka. Nikakanyaga hewa."

"Taa zilikuwa zimetulia, Mama," Baba akamjibu kwa upole. "Nimeziona mwenyewe."

Bibi akayasugua macho kwa mkono wa kushoto. "Basi ni macho yangu," akasema. "Yamezeeka."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Shangazi Paskalina alifika Alhamisi. Nilidhani Bibi atabishana naye kama kawaida yake, na sisi tucheke. Hakubishana. Aliingia chumbani, akatandika kitenge kitandani, akaanza kukusanya kanga zake kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda mrefu kukunja kanga moja tu.

"Nitakwenda," alisema. "Mtu asiyeona anachokikanyaga ni mzigo kwa watu. Tunu muuzeni, nani atamkamua?"

Baba alikaa ameinamisha kichwa. Mama alijifuta macho kwa upande wa kanga. Niliona kwamba Bibi hakuvunjika mkono tu. Alikuwa ameacha kujiamini, na aliyemfanyia hivyo ni mimi. Kama ningenyamaza siku ile, Bibi angeondoka akiamini uongo.

"Si macho yake!" nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Wote wakanigeukia. Nikalia, na huku nikilia nikaeleza: za njano zilikuwepo dukani, Mzee Twaha alinionya, umeme ulikatika, nikaziona taa zikimetameta ukutani, nikabaki kitandani. Nikaeleza pia habari ya dirishani. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi kuitamka.

Baba alinyanyuka. "Yaani ulibonyeza kwanza? Kabla ya kwenda kwa Bibi yako?"

"Ndiyo, Baba."

Hakunichapa wala hakufoka. Alitoka nje akasimama uani peke yake. Watu husema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, na hakujua pa kuweka uso.

Shangazi ndiye aliyezungumza. "Njia ya mwongo ni fupi, Evelina. Yako imeishia kwenye mkono wa mama yangu."

Bibi alikuwa bado ameshika kanga. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa hiyo kile kidato kilizimika kweli? Nilivyoona ndivyo kilivyokuwa?"

"Kilizimika kweli, Bibi. Macho yako ni mazima."

Akaiweka kanga chini. Akaingia kwenye Kishambaa, lugha ya kwetu, akamwambia Shangazi maneno mengi kwa haraka, kama alivyokuwa zamani. Maana yake ilikuwa fupi: arudi Korogwe salama, yeye haendi popote.

Siku ya pili Baba alinipeleka dukani. Alisimama mlangoni akaniacha niingie mwenyewe. Nilimwamkia Mzee Twaha, nikamwambia kwamba nilimdanganya, na kwamba Bibi yangu amevunjika mkono kwa sababu hiyo. Nikamwomba radhi. Mzee Twaha alivua miwani akaifuta, akairudisha puani. Hakunilaumu hata kidogo. Aliteremsha lile boksi la balbu za njano akalifunga kwa kamba. Jioni ile nilizifunga taa hizo mimi mwenyewe, nguzo kwa nguzo, Baba akinishikia ngazi ya mbao. Umeme ulipokatika juma lile na kurudi, ziliwaka njano, zikatulia.

Plasta ilitolewa baada ya wiki sita. Mkono ulikuwa umenyooka, lakini vidole vya Bibi havikufumbata tena kama zamani. Daktari alisema huenda nguvu zitarudi kidogo kidogo. Miezi imepita, na bado hazijatosha kukamua.

Hata hivyo Tunu hakuuzwa. Saa kumi na moja alfajiri ninaamka mimi. Tunashuka pamoja, Bibi mbele, mimi nyuma na ndoo. Yeye hukaa kwenye kigoda na kunielekeza: shika juu, bana, teremsha, usimvute kama unang'oa magugu. Mwanzoni Tunu alinipiga teke, na Bibi akasema ana haki yake.

Alfajiri moja, ndoo ikiwa nusu, nilishindwa kuvumilia. "Bibi, umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku uliyosema."

"Lakini mkono wako, Bibi..."

Alisikiliza maziwa yakiingia ndooni. "Sikiliza, Evelina," akasema. "Kuchagua vibaya si ajabu. Mimi niliwahi kununua ng'ombe kwa sababu alikuwa na pembe nzuri, kumbe hana maziwa. Nikasema mbele ya watu kwamba nimekosea, tukamrudisha mnadani, yakaisha. Kosa likisemwa mapema watu husaidia kulirekebisha. Ukilificha, litamwangukia mtu mwingine ambaye hajui hata kama lipo. Mimi sikujua. Ungepaza sauti tu pale kitandani, hata bila kuamka, ukasema, 'Bibi, ngoja, taa haziko sawa.'"

Akajaribu kukunja vidole vyake, vikafika nusu.

"Ningengoja, mjukuu wangu. Sikuwa na haraka yoyote."