Tairi Mnyoo

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, lakini Wening alikuwa ameshavaa sare za shule na kusimama uani, akimpokeza mama yake tempe za kuuza, vipande vya soya iliyochachushwa, zilizofungwa kwa majani ya migomba. Mama, Bi Lastri, alizipanga kwenye matenga mawili yaliyoning'inia pande zote za pikipiki, akakaza kamba. Ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku: kwanza soko la Tulungagung, kisha shule.

Siku hiyo Wening hakupanda upesi. Macho yake yalikuwa kwenye tairi la nyuma, ambalo matenga yalikuwa yamelificha nusu. Lilikuwa jembamba kama la baiskeli. Jana jioni kaka yake Jatmiko, kijana wa miaka kumi na saba, alilivua tairi pana la mama na kuvalisha hilo, apate kuringa mbele ya wenzake. Vijana wa mtaani waliliita tairi mnyoo.

"Ole wako umwambie mama," alikuwa amemtisha. "Sisemi nawe mwezi mzima! Kesho alfajiri nalirudisha."

Alfajiri ilikuwa imepita na Jatmiko alikuwa bado anakoroma.

"We Wening, umeota mizizi hapo?" mama aliuliza. "Una nini?"

"Hamna kitu, mama." Akavaa helmeti, akapanda.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa inang'aa. Walipofika darajani, pikipiki ilianza kuyumba kwa nyuma.

"Mbona leo inacheza hivi?" mama alisema. "Au nimepakia vibaya? Umeona kitu huko nyuma?"

Wening alikumbuka tishio la kaka yake. "Sijaona, mama."

Kwenye kona ya kiwanda cha sukari, lori la miwa lililokuwa mbele yao lilisimama ghafla. Mama alikanyaga breki. Nyuma ya pikipiki ikateleza upande kama sabuni iliyoponyoka mkononi. Wening alisikia chuma kikikwaruza lami, kisha akajikuta amekaa katikati ya barabara, kiatu kimoja hakipo. Tempe zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Basi dogo lililowafuata lilifunga breki kwa kelele na kusimama. Kutoka tairi lake hadi kichwa cha mama palikuwa na shubiri moja tu.

Wening aliikodolea macho ile shubiri moja.

Zahanatini waligundua kwamba mama amevunjika mfupa wa bega. Wening alikuwa na michubuko tu. Baba yake, Bwana Kasno, alifika akihema, shati amelivaa nje ndani.

"Lastri, nimekwambia mara ngapi usiendeshe mbio!"

"Sikuenda mbio, Baba Jatmiko," mama alijibu, machozi yakimlengalenga. "Lakini kosa ni langu. Nimeshindwa kuimudu. Nusura nimuue mwanangu! Sishiki pikipiki tena maisha yangu yote."

Maneno hayo yalimchoma Wening kuliko michubuko. "Si kosa lako, mama!" alilipuka. "Ni tairi! Kaka alilibadilisha. Nililiona, na uliponiuliza nikakudanganya."

Jatmiko, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, aliganda mlangoni, uso umempauka.

"Ni kweli?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kweli, baba. Nililala... nilidhani ni tairi tu."

Jioni baba aliwapeleka watoto wote wawili kwa fundi Giran, pamoja na pikipiki na lile tairi pana. Fundi alizitazama namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, akatikisa kichwa.

"Hili upana wake milimita sitini. La mama yenu themanini. Haya Jatmiko, kandamiza kiganja chote mezani. Sasa nikisukuma, kinateleza?"

"Hakitelezi."

"Inua, bakiza kidole kimoja." Fundi alikisukuma, kikateleza mara moja. "Tairi linaishika barabara kwa kile kipande kinachogusa chini. Wewe umekipunguza, juu yake watu wawili na matenga mawili, tena kwenye maji! Hata uzito huo halikuundwa kuubeba."

Jatmiko alilivua tairi mnyoo kwa mikono yake mwenyewe, akarudisha lile pana.

Usiku huo mama, mkono ukiwa umefungwa kifuani, aliwaita kitandani. "Jatmiko, chombo kinachobeba watu si cha kuringia. Na wewe Wening, nilikuuliza, ukaninyima neno moja ambalo lingenifanya nisimame. Mkiona hatari, semeni, hata kama atakayekasirika ni ndugu yenu. Hasira zitapoa. Mtu akishakufa harudi."

Wening aliangua kilio, mama akamvuta kwa mkono wake mzima.

Kwa wiki saba Jatmiko aliamka saa kumi alfajiri kupeleka tempe sokoni. Hakukosa hata siku moja. Mfupa ulipounga, mama alitoka uani, akaishika pikipiki kwa woga, akawageukia wanawe.

"Kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

"Lipo, mama," Wening alisema papo hapo. "Mnyororo umelegea."

Jatmiko alikuwa ameshapiga magoti, spana mkononi.