Koti la Matroni

Baba Futi alikuwa fundi cherehani. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata wakati wa kula. Siku moja ilizama kwenye mchuzi. Aliifuta, akaendelea kula.

Kisha ugonjwa wa kuambukiza ukaingia. Watu wakaambiwa wakae majumbani. Zamani chumba cha mbele, alimoshonea, kilijaa kelele za wateja. Sasa kilibaki na cherehani, benchi na fundi aliyenuna. Asubuhi moja mkewe alimkuta akimpima paka.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa, simu ikalia. Alikuwa Matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini. Alitaka makoti thelathini ya wauguzi wake. Kwanza ashonewe lake. Likimkaa vizuri, kazi yote ni ya Baba Futi. Lisipomkaa, ataagiza kiwandani. Ila hawezi kuja kupimwa, maana anauguza wagonjwa. Apimwe kwa video.

Nyumba ile haikuwa na kazi nyingine. Hii ingepotea, cherehani ingeuzwa.

Mkewe akafungua video. Matroni alipotokea, Baba Futi alivua futi shingoni, akailaza juu ya kioo cha simu.

"Mabega, inchi moja na nusu," akasema kitaalamu.

Mkewe aliuliza kama kuna binadamu mwenye mabega ya inchi moja na nusu. Akaambiwa asiingilie ufundi. Vipimo vyote vitazidishwa baadaye. Kumbe Matroni alikuwa ameinamia simu ili asikie. Kichwa na shingo vilikaribia kujaa kioo, mikono ikaonekana mifupi.

Koti likashonwa, likapelekwa kwa pikipiki. Kola ingemtosha ng'ombe. Mikono iliishia kwenye viwiko. Matroni alilivaa mbele ya simu, huku wauguzi nyuma yake wakishika mbavu kwa kicheko.

"Fundi," akasema, "nakupa hadi Ijumaa."

Siku hiyo Baba Futi hakula. Aliona aibu, na aliogopa. Mkewe hakubishana naye. Alikwenda kumwita jirani yao, mama anayetengeneza simu. Jirani alisimama mlangoni na barakoa yake, akasikiliza kisa chote, kisha akageukia ukuta ili acheke kwa heshima.

"Shemeji, picha si mtu," alisema. "Akisogea anakua, akirudi nyuma anapungua. Usipime picha. Mteja ajipime mwenyewe, wewe umwelekeze."

"Tangu lini mteja akajipima?"

"Na tangu lini mwalimu akafundisha kwa simu? Daktari je? Mambo ya miaka kumi yamekuja kwa miezi mitatu. Ugonjwa haukutuomba ruhusa."

Akawafundisha taratibu. Mteja aweke simu kwenye rafu, arudi nyuma mpaka miguu ionekane. Mtu wa karibu naye amshikie futi, fundi aangalie imepita wapi. Asiye na futi atumie kamba, kisha aipime kwa rula. Vipimo viandikwe kwenye ujumbe, mteja avisome tena kabla kitambaa hakijakatwa.

"Na mtu akikuomba namba yako ya siri," jirani aliongeza, "huyo si mteja. Usimpe."

Wakampigia Matroni upya. Muuguzi mwenzake alishika futi, na Baba Futi akapata tena sauti yake.

"Imepinda mgongoni, inyoosheni. Na wewe Mama, usibane tumbo. Koti litakuumbua."

Usiku na mchana cherehani ikalia. Ijumaa, Matroni alilivaa koti la pili. Aliinua mikono. Akachuchumaa. Akatia mikono mifukoni, akageuka pole pole. Baba Futi na mkewe wakasogeza vichwa karibu na kioo.

"Shona ishirini na tisa yaliyobaki," akasema. "Kila muuguzi atakupigia apimwe."

Baba Futi akainamisha kichwa kushukuru. Machozi yakamtoka. Mkewe akaichukua simu.

"Wa kwanza apige sasa hivi," akasema. "Fundi analia kidogo, lakini anaona vizuri."